Natafuta Wenzangu, Nakuta Bibi Zangu

Barua zote za mwezi huu zinazunguka jambo moja: kijana mwenye ugonjwa wa viungo atawapata wapi wenzake, na akiwapata afanye nao nini. Shangazi anayejibu ameishi na baridi yabisi tangu alipokuwa na umri kama wa wengi walioandika.

Swali

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, nafundisha shule ya msingi. Mwaka jana vidole vya mikono yote miwili vilianza kuvimba, baada ya vipimo nikaambiwa ni baridi yabisi. Natumia metotreksati mara moja kwa wiki pamoja na asidi foliki. Kazini wanajua nusunusu. Nikiwatajia ugonjwa wanacheka: "Huo si ugonjwa wa bibi yangu?" Asubuhi kufunga vifungo vya blauzi ni vita, ikifika saa nne naandika ubaoni kama kawaida, kwa hiyo hakuna anayeniamini.

Muuguzi alinielekeza kwenye kikundi cha wagonjwa, nikaenda. Shangazi, aliyenifuata kwa udogo ananizidi miaka kama thelathini. Walinipokea vizuri, wakaniita mjukuu, wakaniachia kiti kizuri. Lakini mazungumzo yote yalikuwa nyonga za bandia, kiinua mgongo na wajukuu. Mimi nilitaka kuuliza: mchumba nimwambie lini? Nitazaa? Nitafundisha mpaka lini? Halafu kulikuwa na bibi mmoja ambaye vidole vyake vimelalia upande mmoja vyote. Nilimwangalia mikono, usiku sikupata usingizi. Sijarudi. Nirudi nivumilie, au kuna mahali wenzangu walipo?

*Mwalimu wa Darasa la Tatu*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nianze na ile mikono, maana naona hiyo ndiyo iliyokufukuza, si kiinua mgongo.

Mikono ya mtu aliyeugua zamani inakuonyesha alianza kuugua lini kuliko inavyokuonyesha wewe utafikia wapi. Metotreksati hiyo unayomeza iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1988, na dawa za kibayolojia, zile zinazolenga sehemu maalumu ya kinga ya mwili, zikaanza kuingia mwaka 1998. Aliyevimba vidole kabla ya hapo alipewa aspirini kwa wingi, pengine na sindano za dhahabu (ndiyo, dhahabu hiihii), na desturi ya madaktari ilikuwa kuanza na dawa nyepesi, zile kali zikawekwa akiba mpaka hali iwe mbaya. Siku hizi wanakwenda kinyume. Dawa ya kuzuia ugonjwa wenyewe inaanzishwa mapema kwa sababu kiungo huanza kuliwa miezi ya mwanzo kabisa, na shabaha ni kuuzima uvimbe, si kutuliza maumivu peke yake. Wewe umeanza dawa ndani ya mwaka. Sikuahidi kwamba hakuna kidole kitakachopinda, ila usiisome mikono ya yule mama kama ratiba yako.

Kingine ambacho huenda hukuambiwa siku ile: inawezekana nusu ya waliokuwa chumbani hawana ugonjwa wako. Magonjwa ya viungo yanapita mia moja. Wazee wengi wana osteoathritisi, yaani gegedu la kiungo kulika, goti au nyonga ikaanza kusagana. Wa kwako unatokana na kinga ya mwili kuushambulia utando unaozunguka kiungo. Ndiyo maana mmoja wao akikuambia "mimi nikitembea kidogo asubuhi panalainika" hakudanganyi. Kwake ukakamavu wa asubuhi mara nyingi hauzidi nusu saa, kwako unaweza kula saa nzima na zaidi. Ndiyo maana pia uchovu ule wa kukuangusha kitandani saa kumi jioni hakuutaja mtu. Kabla hujapima ushauri wa mgonjwa mwenzako, muulize kwanza: wako ni upi?

Na hao wanaocheka kazini, wape hesabu ya Shirika la Afya Duniani: mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wanaishi na baridi yabisi, na asilimia 55 yao walikuwa wamevuka miaka 55. Waliobaki ni karibu nusu. Hao ndio unaowatafuta, na wako kliniki ileile unayokwenda wewe, ila hamwonani.

Hamwonani kwa sababu miadi yenu ni siku tofauti, na kwa sababu kijana akitoka kwa daktari anakimbilia kazini au darasani. Muuguzi anawajua wote. Lakini ukimwomba namba za vijana wenzako hatakupa, na akikupa amevunja siri za wagonjwa. Mgeuzie ombi. Andika namba yako kwenye karatasi, mwambie: "Akija kijana mwingine mwenye ugonjwa kama wangu anayetaka mtu wa kuongea naye, mpe hii." Hapo hakuna siri iliyovunjwa, kwa sababu siri ni yako na umeitoa mwenyewe. Fanya hivyohivyo kwa mtaalamu wa fiziotherapia na kwa anayepima damu. Nashangaa kwa nini wachache wanalifikiria hili, maana halina gharama wala halihitaji ujasiri wa kusimama mbele za watu.

Mimi mwenyewe wa kwanza nilimpata kwenye foleni ya kupima damu. Tulikaa benchi moja, jirani yangu mwingine akanyoosha mkono kunisalimia, nikaupokea huku nimeuma meno, unajua wewe mkono wa kushikwa kwa nguvu unavyokamua vile vifundo. Binti wa upande wa pili aliona. Ilipofika zamu yake ya kunisalimia akakunja ngumi, akaigusisha kwenye yangu taratibu, akasema: "Mimi na wewe tusiumizane." Nilicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Tulipotoka alinionyesha chupa yake ya vidonge: kifuniko cha kawaida, si kile cha kukandamiza na kuzungusha kilichotengenezwa kuwazuia watoto. Kumbe ukimwomba mfamasia anakubadilishia. Nilikuwa nimezungukwa na madaktari wa kila aina na hakuna aliyewahi kuniambia hilo, kwa sababu hakuna kati yao aliyewahi kusimama jikoni asubuhi akishindana na kifuniko.

Hiyo ndiyo kazi ya mwenzako, mwalimu. Wa kukupa pole unao tayari. Mwenzako ni wa kukuonyesha kifuniko, na kwake huna haja ya kuanza hadithi tangu mwanzo. Mmoja wa namna hiyo anatosha kabisa. Usitafute jeshi.

Ukimkosa mwenye ugonjwa wako haswa, tanua wavu. Wako vijana waliougua tangu utotoni, kabla ya miaka 16, ambao sasa wamehamishiwa kliniki ya watu wazima. Hao ni wadogo kwako kwa umri na wakubwa kwako kwa ugonjwa; mambo ya kumwambia mwalimu, rafiki au mpenzi wameyafanya tangu darasa la kwanza. Wako wenye lupasi, ambayo nayo ni kinga kuushambulia mwili wenyewe, na wenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi, iliyoingia kwenye viungo. Hata kijana mwenye kisukari, ambaye hana kiungo kinachouma, anajua ilivyo kubeba dawa kwenye mkoba ukiwa na miaka 22 na kuonekana mzima.

Vikundi vya mtandaoni ni vizuri kwa jambo moja ambalo kliniki haina: saa tisa usiku, ukiwa macho kwa maumivu, kuna mtu mahali fulani duniani ambako ni mchana. Lakini ingia kimya, soma siku kadhaa kabla ya kuandika. Tazama mtu akiuliza habari za dawa anajibiwaje. Kikundi chema kitamwambia "mimi ilinifanyia hivi, ila kamuulize daktari wako." Kibaya kitampangia dozi. Na kwa dawa yako hili si la mzaha: metotreksati ni ya mara moja kwa wiki, waliowahi kuimeza kila siku kwa kukosea wamepoteza maisha. Mtu yeyote, awe na moyo mwema kiasi gani, akikuambia uongeze, upunguze au ubadilishe siku, hilo halimhusu. Tena usitume picha ya majibu ya maabara yenye jina lako. Picha ya skrini inasafiri.

Maswali yako matatu. Mchumba: hapa ndipo wenzako watakusaidia kuliko mimi, kwa sababu watakuambia maneno yaleyale waliyotumia na jinsi yalivyopokewa. Mimi naona aambiwe kabla hajaanza kujieleza mwenyewe kwa nini unakwepa kushikwa mkono. Kuzaa: wanawake wengi wenye baridi yabisi wanazaa, na wengi hupata nafuu wakiwa wajawazito, kisha ugonjwa hurudi miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Ila metotreksati ina madhara kwa mimba, kwa hiyo ni lazima kuiacha mapema kwa mpango wa daktari. Usingoje mpaka uolewe ndipo umuulize, muulize miadi ijayo. Kufundisha: kuna kishikio cha chaki, kinene, kinachokuondolea kubana kwa ncha za vidole. Kitafute.

Na yule bibi, rudi kwake mara moja tu. Usiende kwa ajili ya kikundi, nenda kwa ajili yake. Muulize alikuwa anashikaje kalamu alipokuwa na umri wako. Nina hakika hajawahi kuulizwa.

Swali

Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi umeme, miaka 27. Mgongo uliniuma miaka mingi, nikawa naambiwa nimelala vibaya, mara nimebeba vizito, mpaka daktari mmoja akagundua ni spondilaitisi, uvimbe wa viungo vya uti wa mgongo. Rafiki alinitia kwenye kikundi cha WhatsApp cha wagonjwa wa viungo. Karibu wote wanawake. Toka asubuhi mpaka usiku ni kulia, na kuna jamaa mmoja kila jioni anatangaza dawa yake ya kumaliza ugonjwa kabisa, anapokea hela kwa simu. Nimejitoa. Nadhani sisi wanaume hatukuumbiwa mambo ya vikundi. Bosi wangu anadhani mimi mvivu kwa sababu asubuhi nachelewa kupanda ngazi. Nifanyeje?

*Fundi*

Jibu

Marahaba, fundi. Kujitoa ulifanya sawa, sababu uliyoitoa ndiyo siikubali.

Kikundi chenye muuzaji kimeshakuwa soko. Ugonjwa wako hauna dawa ya kuumaliza kabisa kwa sasa. Ipo ya kuutuliza, na wengi wanatulia vizuri sana. Anayetangaza kinyume chake kila jioni na kiongozi wa kikundi ananyamaza, huyo kiongozi ama hajali ama anapata chake. Huhitaji kubishana nao. Ondoka, kama ulivyofanya.

Wanawake kuwa wengi si ajabu, maana baridi yabisi, ambayo ndiyo inayojaza vikundi hivi, takriban asilimia 70 ya walio nayo ni wanawake. Wako wewe una sura nyingine. Huanza ujanani, mara nyingi kabla ya 45, maumivu huamsha mtu sehemu ya pili ya usiku, na tofauti na mgongo wa kubeba vizito, kupumzika kunauzidisha na kujongea kunaulainisha. Umeona basi kwa nini kikundi kile hakikukufaa? Nusu yao wanaambiana "pumzika mwenzangu," na wewe kupumzika ndiko kunakokukausha. Hawakukosea, wanasema ya kwao.

Kuhusu kulia, tuwe na haki kidogo. Mtu anayelia kwenye simu yake saa mbili asubuhi pengine ndipo mahali pekee anapolilia. Nyumbani anapika na anatabasamu. Lakini si lazima ubebe maumivu ya watu wengi siku ambayo ya kwako yamepanda. Zima sauti ya kikundi, fungua unapotaka wewe. Hilo halina ubaya, na lisiitwe ubinafsi.

Sasa hili la wanaume. Ninachoona ni kwamba wengi wenu hamwezi kukaa duara mkaambiana mnavyojisikia, mnaishia kutazama sakafu. Basi msikae duara. Mazoezi kwako ni sehemu ya tiba, daktari wako atakuwa amekuambia: kuogelea, kutembea, kunyoosha mgongo kila siku. Tafuta mwanamume mmoja mwenye ugonjwa huu, kwa njia ya ile karatasi niliyomwambia mwalimu hapo juu, mfanye mazoezi pamoja. Watu wakitembea bega kwa bega bila kutazamana usoni, baada ya muda mmoja atasema tu: "Jana usiku ulinishika vibaya." Mengine yatakuja yenyewe.

Kwa bosi, peleka barua ya daktari, si maelezo. Iseme waziwazi kwamba ukakamavu wako ni wa asubuhi na unalainika kwa kujongea, na uombe kazi za ngazi zipangwe baadaye, asubuhi uanze na za chini. Mwenzako mwenye kazi ya mikono atakusaidia kuiandika kwa lugha ambayo bosi anaielewa, kuliko mimi wa kukaa mezani.

Ukitaka mfano wa mwanamume aliyefanya kazi na viungo vibovu, Christiaan Barnard, daktari wa upasuaji wa Afrika Kusini, aligunduliwa baridi yabisi mwaka 1956, akiwa hajafika miaka 35. Tarehe 3 Desemba 1967, Cape Town, mikono hiyohiyo ndiyo iliyoongoza upasuaji wa kwanza wa kuhamisha moyo wa mtu kwenda kwa mtu. Mwaka 1983 ilimlazimu kuacha upasuaji kwa sababu ya mikono. Sikuambii ukapasue moyo. Nakuonyesha kwamba kati ya kuugua na kuacha kazi ilipita zaidi ya miaka 25, na zama hizo dawa ulizo nazo wewe zilikuwa hazijapatikana.

Swali

Shangazi, salamu sana. Mimi na rafiki yangu tulianzisha kikundi cha vijana wenye magonjwa ya viungo. Mwanzo chumba kilijaa. Sasa wanakuja wachache, na kila mara ni wengine. Mtu akiwa na hali mbaya anakuja analia, akipata nafuu haonekani tena. Mimi mwenyewe ugonjwa ukipanda kikao kinakufa. Tunakutana Jumamosi asubuhi, ghorofa ya tatu, chumba tulipewa bure. Tumekosea wapi?

*Mwenyekiti Asiye na Viti*

Jibu

Mwenyekiti, barua yako imejijibu kwenye mstari wa mwisho. Jumamosi asubuhi! Ghorofa ya tatu! Umewaita watu ambao viungo vyao vinakakamaa asubuhi, ukawaambia wapande ngazi. Chumba cha bure kisichofikika bei yake ni kubwa. Hamieni chini, kutaneni alasiri, tafuteni viti vyenye mahali pa kuwekea mikono ili mtu ajisukume anaponyanyuka. Ruhusu mtu kusimama na kutembeatembea katikati ya maongezi bila kuomba radhi. Na asiyeweza kutoka nyumbani apigiwe simu, iwekwe mezani ikiwa na sauti ya juu, awe kikaoni kama wengine.

Hayo ni ya mwili. Kuna jingine zito zaidi: kikao chenu hakina mwisho, na hakina kazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Kate Lorig wa Chuo Kikuu cha Stanford, mwenye taaluma ya uuguzi, alianzisha kozi ya wagonjwa wa viungo kujifunza kuishi na ugonjwa wao. Ilikuwa mara moja kwa wiki, kama saa mbili, wiki sita, basi. Waliofundisha hawakuwa lazima wauguzi au madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo, wengi wao wenyewe wagonjwa, na kila kikundi kikawa na viongozi wawili. Kozi hiyo ilienea nchi nyingi na baadaye ikazaa nyingine za magonjwa mengine sugu. Lakini lililonivutia mimi ni walichokuta watafiti walipochungulia kwa nini watu walipata nafuu. Walitegemea kukuta kwamba waliofanya mazoezi zaidi ndio waliopona maumivu zaidi. Haikuwa hivyo sana. Kilichokwenda pamoja na nafuu ni mtu kuanza kuamini kwamba kuna kitu anaweza kukifanya yeye mwenyewe juu ya ugonjwa wake.

Nisikudanganye: kikundi hakishushi uvimbe, dawa ndiyo inayoshusha, na anayekuja kwenu asiache kliniki. Lakini imani ya namna hiyo haiji kwa kuhubiriwa. Wao waliijenga kwa kazi ndogo ya wiki. Kabla ya kuondoka, kila mtu anasema jambo moja analotaka yeye kulifanya, si analotakiwa: siku gani, mara ngapi, kiasi gani. Si "nitafanya mazoezi". Ni "nitatembea dakika kumi baada ya kazi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa". Halafu anajipa namba kuanzia 0 hadi 10, ana uhakika gani kwamba ataweza. Akisema chini ya 7, wenzake wanamsaidia kuipunguza ile kazi mpaka namba ipande. Wiki inayofuata kikao kinaanzia hapo: ilikuwaje? Aliyeshindwa hakaripiwi, wanatafuta pamoja kilichomkwamisha.

Nimekaa kwenye kikao cha aina hiyo. Kijana mmoja mnene wa sauti alisema atakwenda kuogelea kila siku. Namba? Akajikuna: "Nne." Chumba kizima kikacheka, naye akacheka. Kwa kupunguza na kupunguza ikabaki: ataulizia tu bwawa linafunguliwa saa ngapi. Namba, tisa. Wiki iliyofuata alikuja na ratiba ya bwawa mkononi, na vijana wengine wawili wakataka kwenda naye. Kama kikao kile kingekuwa cha kupeana pole, angerudi nyumbani na ndoto yake ya kila siku na asingeonekana tena kwa aibu.

Kwa hiyo fanya awamu: wiki sita, mapumziko, awamu nyingine. Mtu anayejua kuna mwisho anajikaza kuja. Awe na wewe kiongozi mwenza mwenye madaraka sawa, si msaidizi, ili mmoja akilala kitandani mwingine afungue mlango. Na wanaotoweka wakipata nafuu, waache watoweke. Kwa kweli hiyo ni habari njema, ugonjwa umetulia na wana maisha ya kuishi. Omba jambo moja tu kwao: wakubali namba zao kupewa mgeni mpya mara mojamoja. Kijana aliyegunduliwa jana anafaidika na simu moja ya mtu aliyetulia kuliko vikao kadhaa vya walioshikwa.

Fedha nimekuona hukuziuliza, lakini naziona zinakuja. Msichangishane za dawa kupitia kikundi. Ya chumba na chai sawa. Zikianza kuwa za dawa, atakayekosa ataona haya kurudi, na atakayechanga ataanza kuhesabu nani kapewa.

Swali

Shangazi shikamoo. Nina lupasi na viungo vinaniuma. Nimepata kikundi kizuri mno cha wasichana wenzangu. Mchumba wangu anataka tuwe tunahudhuria wote ili anielewe. Nimruhusu?

*Bado Niko Njia Panda*

Jibu

Marahaba. Ruhusa si yako peke yako, waulize wenzako kwanza. Mnayoyasema humo kuhusu miili yenu na kuhusu hao wachumba, nusu yake hayatasemwa yeye akiwa ameketi pale, na kikundi kitakuwa kimebadilika bila mtu kukitaka. Pendekeza siku moja maalumu ya wenza na ndugu, wote waje, wapewe nafasi ya kuuliza. Siku nyingine akusindikize mpaka mlangoni kisha akakungoje mahali.

Na kama shida yake ni kukuelewa, kuna mlango mwingine ulio wazi kwake: aende na wewe kwa daktari. Aandike maswali yake nyumbani, aulize mwenyewe, asikie majibu bila kupitia kwako. Mwambie pia awatafute wenza wa wagonjwa wengine. Hao nao wana yao ya kuambiana wewe usipokuwepo.